Tosamaganga na Makanisa ya Kale ya Nyanda za Juu Kusini: Historia ya Ujenzi na Wajibu wa Kuyatunza

Umbali wa kilomita zipatazo 15 kutoka mjini Iringa, upande wa kusini-magharibi, kipo kilima ambacho kwa miaka mingi kilikuwa kitovu cha maisha ya Kanisa Katoliki katika nchi ya Wahehe. Hapo ndipo ilipo misioni ya Tosamaganga, yenye kanisa kubwa la sura ya Kiitalia na nyumba za kale zenye kuta zilizopakwa chokaa na paa za vigae vyekundu. Msafiri anayefika kwa mara ya kwanza hustaajabu kuona mji mdogo wa namna hiyo katikati ya mashamba ya mahindi.

Makala hii inaeleza kwa kifupi jinsi makanisa ya kale ya Iringa na Mbeya yalivyojengwa, namna ya kuyatambua na kuyaelewa, na mafundisho ya Kanisa kuhusu utunzaji wake. Jambo hili linatugusa sasa. Waamini wanaongezeka, majengo ya mababu hayatoshi tena, na katika parokia nyingi hoja ya kubomoa na kujenga upya hufikishwa kwenye Halmashauri ya Walei pasipo mtu wa kueleza ni kitu gani hasa kinachotaka kubomolewa.

Jina na mahali

Wenyeji huelezea jina Tosamaganga kwa maneno mawili ya Kihehe yenye maana ya kutupa mawe. Neno maganga, yaani mawe, linaiafiki nchi yenyewe, kwa kuwa Iringa ni nchi ya miamba. Si mbali na kilima hicho iko Kalenga, makao makuu ya Mtwa Mkwawa, yaliyozungushiwa ngome ya mawe iliyojulikana kwa jina la Lipuli. Ngome hiyo ilipigwa na kutekwa na majeshi ya Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894. Mkwawa aliendeleza vita msituni hadi kifo chake tarehe 19 Julai 1898.

Historia hii ina mafunzo mawili kwa anayetafiti ujenzi wa kanisa. Kwanza, ufundi wa kujenga kwa mawe haukuletwa wote na wageni, kwa sababu watu wa Uhehe walikuwa wamekwisha kuinua kuta za mawe kabla mmisionari yeyote hajapiga kambi kwao. Pili, Injili iliingia Uhehe wakati nchi ilikuwa bado na majeraha ya vita. Tunaposimulia ujenzi wa misioni, ukweli unatudai tukumbuke kwamba ulifanyika chini ya utawala wa kikoloni, na kwamba waliobeba mawe na maji walikuwa watu waliotoka kupoteza ndugu zao.

Wabenediktini, waanzilishi

Wamisionari wa kwanza kukaa Tosamaganga walikuwa Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilia kutoka Ujerumani. Shirika hilo, lililoanzishwa na Padre Andreas Amrhein mwaka 1884, lilianza kazi ya umisionari Afrika Mashariki mwaka 1888. Kituo chao cha kwanza, Pugu, kilishambuliwa Januari 1889 wakati wa vita vya pwani. Hata hivyo walirudi, wakaweka makao Dar es Salaam, na kutoka huko wakaingia bara hadi Uhehe na Ungoni katika miaka ya 1890.

Wabenediktini walikuja na mapadre pamoja na mabruda wengi waliokuwa mafundi: waashi, maseremala, wahunzi na wakulima. Kwa mapokeo yao ya sala na kazi, karakana ilikuwa sehemu ya umisionari tangu mwanzo. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu jijini Dar es Salaam, walilolijenga kati ya mwaka 1897 na 1902 na ambalo linatumika hadi leo, linaonyesha kiwango cha ufundi wao.

Katika misioni za bara hatua zilikuwa za unyenyekevu zaidi. Kwa kawaida kanisa la kwanza lilikuwa la miti na udongo, likiezekwa kwa nyasi. Baadaye lilifuata la matofali, na baada ya miaka mingi kanisa kubwa la kudumu. Hatari ya paa la nyasi ilidhihirika kote kusini wakati wa Vita vya Majimaji, ambapo Askofu Cassian Spiss na wenzake waliuawa Agosti 1905 na misioni kadhaa, ikiwemo Peramiho, zilichomwa moto. Mahali ambapo udongo mzuri ulipatikana, vigae vya kuchoma vilikuwa na faida iliyo wazi dhidi ya moto na mvua.

Wakonsolata na makao ya Iringa

Vita Kuu ya Kwanza ilikatiza kazi ya Wabenediktini. Waingereza waliingia Iringa Agosti 1916, na wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa. Mwaka 1919 walifika Wamisionari wa Konsolata, shirika la Kiitalia lililoanzishwa mjini Torino na Padre Giuseppe Allamano, ambaye Kanisa lilimtangaza kuwa Mtakatifu tarehe 20 Oktoba 2024. Wakonsolata walikuwa wamefanya kazi Kenya tangu mwaka 1902, kwa hiyo walifika Tosamaganga wakiwa na uzoefu wa nyanda za juu, baridi yake na udongo wake.

Mwaka 1922 Baba Mtakatifu aliunda Prefektura ya Kitume ya Iringa, ikiongozwa na Monsinyori Francesco Cagliero. Mwaka 1948 ikawa Vikarieti ya Kitume chini ya Askofu Attilio Beltramino, na mwaka 1953, hierarkia ya Kanisa iliposimikwa Tanganyika, ikawa Jimbo. Katika kipindi hicho Tosamaganga ilikuwa makao ya uongozi wa Kanisa, na ukubwa wa majengo yake unaeleweka kwa sababu hiyo. Hadhi ya kanisa kuu sasa iko mjini Iringa, katika Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu wa Yesu. Kutoka Iringa limezaliwa Jimbo la Njombe mwaka 1968 na Jimbo la Mafinga mwaka 2023. Kwa maana hiyo Tosamaganga ni kama nyumba ya bibi: wajukuu wametawanyika, lakini asili yao iko pale.

Upande wa Mbeya

Mbeya ilipokea imani kwa njia nyingine. Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana pia kama Mapadre Weupe, waliingia wakitokea upande wa Ziwa Tanganyika. Kituo chao mama huko kilikuwa Karema, ambako mwaka 1885 walikabidhiwa ngome iliyojengwa na Wabelgiji, na sala zikaadhimishwa ndani ya kuta zilizokusudiwa kwa vita. Kutoka huko walisogea kusini hadi bonde la Songwe, ambako misioni ya Galula ni miongoni mwa vituo vya kale vya Kanisa katika eneo la Mbeya.

Mwaka 1932 iliundwa Prefektura ya Kitume ya Tukuyu, ambayo ndiyo chimbuko la Jimbo la Mbeya la mwaka 1953. Mji wenyewe wa Mbeya ulikuwa bado mchanga, ukiwa umeanza mwishoni mwa miaka ya 1920 na kukuzwa na dhahabu ya Lupa. Ndiyo maana anayetafuta makanisa ya kale zaidi hana budi kutoka mjini na kwenda kwenye misioni za mabondeni na milimani. Desemba 2018 Mbeya ilipandishwa kuwa Jimbo Kuu, na majimbo ya Iringa na Sumbawanga yakawekwa katika kanda yake. Kwa hiyo urithi wa mashirika haya matatu, Wabenediktini, Wakonsolata na Mapadre Weupe, ni mali ya familia moja.

Namna ya kulielewa jengo la kale

Kanisa la kale linaeleweka vizuri likitazamwa kutoka chini kwenda juu.

Msingi kwa kawaida ni wa mawe yaliyookotwa au kupasuliwa jirani. Juu yake huinuka kuta za matofali ya kuchoma. Kazi ya matofali ilifanyika kiangazi, kati ya Juni na Oktoba. Udongo ulichimbwa, ukakanyagwa kwa maji, ukamiminwa katika kalibu za mbao na kuanikwa kivulini. Kisha matofali yalipangwa kuwa tanuru yenye mifereji ya moto chini yake, na kuchomwa kwa kuni kwa siku kadhaa. Tofali lililo karibu na moto huiva sana na kuwa jeusi. Lililo pembeni hubaki jepesi na jekundu hafifu. Tofauti za rangi katika ukuta usiopigwa lipu ni kumbukumbu ya tanuru hilo.

Kuta ni nene kwa sababu matofali hayo yaliunganishwa kwa udongo au chokaa, ambavyo ni laini kuliko saruji. Unene huo ndio unaobeba uzito wa paa. Pia unasaidia kupunguza mabadiliko ya joto na baridi katika nchi iliyo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mahali pa dirisha au mlango mafundi walipindisha matofali kuwa tao, kwa kuwa nondo na zege havikupatikana kwa urahisi. Kwa hiyo tao la nusu duara, ambalo wengi hulidhani kuwa pambo, ndilo linaloshika ukuta usianguke.

Paa hushikwa na kenchi za mbao ngumu, mara nyingi zilizochongwa kwa mkono. Mahali palipoezekwa vigae, kenchi huwekwa karibu karibu kwa sababu ya uzito. Anayebadilisha vigae kwa mabati anapunguza uzito huo, na hivyo hana budi kuyafunga mabati imara zaidi yasiinuliwe na upepo.

Ramani ya jengo nayo inafundisha imani. Makanisa mengi ya misioni yalifuata umbo la basilika: ukumbi mrefu wa waamini, pengine wenye safu za nguzo na mabawa mawili ya pembeni, ukielekea patakatifu penye altare. Kisima cha Ubatizo kiliwekwa karibu na mlango, kwa kuwa kwa Ubatizo ndipo mtu huingia katika Kanisa. Mnara uliibeba kengele, ambayo kabla ya saa za mkononi iliwapangia watu saa za sala, za shule na za kazi.

Mtaguso na altare ya zamani

Makanisa haya yalijengwa kwa liturujia ya kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Altare iligusana na ukuta wa mwisho, na uzio mfupi wa kupokelea Komunyo uliwatenga waamini na patakatifu. Konstitusio ya Liturujia Takatifu ya tarehe 4 Desemba 1963 ilisisitiza waamini washiriki kikamilifu, na maelekezo yaliyofuata mwaka 1964 yakapendekeza altare kuu itengwe na ukuta ili Misa iweze kuadhimishwa kuwaelekea watu.

Baadhi ya watu walielewa kwamba kila cha zamani kivunjwe. Sivyo Kanisa lilivyofundisha. Konstitusio hiyo hiyo inawataka maaskofu wahakikishe kwamba vyombo na kazi za sanaa takatifu zenye thamani haziuzwi wala kuharibiwa. Maelekezo Makuu ya Misale ya Kirumi, katika namba 303, yanatoa njia ya busara: ikiwa altare ya zamani inazuia ushiriki wa watu lakini haiwezi kuhamishwa bila kuharibu thamani yake ya kisanaa, ijengwe altare nyingine imara na nzuri, na ibada takatifu zifanyike juu ya hiyo tu. Altare ya zamani hubaki mahali pake bila kupambwa kwa namna ya pekee. Parokia inayofanya hivyo inatii Mtaguso na kuwaheshimu waliotangulia kwa pamoja.

Hatari ya siku zetu

Huko Ulaya makanisa mengi ya kale yamefungwa kwa kukosa waamini. Novemba 2018 Baraza la Kipapa la Utamaduni liliitisha mkutano mjini Roma kutafakari nini kifanyike na makanisa yasiyotumika tena. Kwetu hatari ina sura tofauti. Makanisa yetu ya kale hayako hatarini kwa kuachwa, bali kwa kujaa. Jengo lililotosha kijiji cha miaka ya 1930 haliwezi kubeba parokia ya leo yenye vigango na Jumuiya Ndogo Ndogo nyingi. Hitaji hili ni la kweli, na anayelipuuza kwa kupenda mambo ya kale tu hawatendei haki waamini wanaosali nje mvua ikinyesha.

Sheria ya nchi nayo haitoi ulinzi ambao wengi wanaudhania. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayahesabu moja kwa moja kuwa ya kale majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Makanisa yote ya misioni katika Nyanda za Juu Kusini yamejengwa baada ya mwaka huo. Hayalindwi na kigezo hicho mpaka yatangazwe rasmi na mamlaka husika. Kwa hiyo mlinzi wa kwanza wa majengo haya ni Kanisa lenyewe.

Ubomoaji, hata hivyo, si njia pekee. Bagamoyo ina mfano wa kale. Mapadre wa Roho Mtakatifu waliofika huko mwaka 1868 walijenga kanisa lao la kwanza mwaka 1872, na mwili wa David Livingstone ulilazwa humo Februari 1874 kabla ya kusafirishwa kwenda Uingereza. Waamini walipoongezeka, kanisa jipya kubwa lilijengwa jirani kati ya mwaka 1910 na 1914. Mnara wa kanisa la kwanza umebaki umesimama, na hadi leo mahujaji huonyeshwa pale. Parokia yenye eneo la kutosha inaweza kujenga jipya na kulifanya la kale kuwa kikanisa cha Kuabudu Ekaristi Takatifu, cha Misa za siku za juma au cha mafundisho ya katekesi. Mahali pengine, dawa ni kuongeza Misa au kuanzisha parokia mpya.

Kanisa linasema nini

Mkusanyiko wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 una kanuni zinazopaswa kujulikana na kila Halmashauri ya Walei. Kanuni ya 1216 inaagiza kwamba katika kujenga na kukarabati makanisa ushauri wa wataalamu utafutwe, na kanuni za liturujia na sanaa takatifu zifuatwe. Kanuni ya 1220 inawataka wahusika wayatunze makanisa katika usafi na uzuri unaoifaa nyumba ya Mungu, yakarabatiwe kwa wakati, na vitu vyake vitakatifu na vya thamani vilindwe. Kanuni ya 1222 inaeleza kwamba kuliondoa kanisa katika matumizi ya ibada ni uamuzi wa Askofu wa Jimbo. Ikiwa sababu si ubovu usiorekebishika bali nyingine nzito, Askofu huwasikiliza kwanza washauri wake wa Baraza la Mapadre. Kanuni ya 1283 inawadai wasimamizi orodha kamili ya mali. Kwa hiyo si paroko peke yake, wala kamati ya ujenzi, wala mfadhili, mwenye mamlaka ya kuamua hatima ya kanisa lililotabarukiwa.

Mambo ya kutenda parokiani

Kwanza, iandaliwe orodha ya vitu vyote vya kale pamoja na picha zake: altare, tabernakulo, sanamu, kengele, mavazi ya ibada, vitabu. Nakala moja ibaki parokiani na nyingine ipelekwe jimboni.

Pili, zitunzwe kumbukumbu za maandishi. Kadinali Lavigerie aliwaagiza Mapadre Weupe waandike shajara ya kila siku katika kila kituo, na Mtakatifu Allamano aliwataka Wakonsolata wafanye vivyo hivyo. Humo ndimo hupatikana habari za msingi uliochimbwa, tanuru lililowashwa na paa lililoezuliwa na dhoruba. Daftari lililoliwa na mchwa katika kabati la sakristia haliwezi kuandikwa upya.

Tatu, waulizwe wazee. Majina ya maaskofu na mapadre huandikwa, lakini majina ya waashi wa Kihehe, Kibena, Kisafwa na Kinyakyusa, ya wanawake waliobeba maji na ya makatekista waliowakusanya watu, mara nyingi hayakuandikwa popote. Anayeyakumbuka akifariki, yamepotea.

Nne, maji yaongozwe. Adui mkubwa wa ukuta wa kale ni maji yanayorudi msingini. Mifereji ya paa isafishwe kabla ya mvua za Novemba, na maji yapelekwe mbali na kuta.

Tano, saruji itumiwe kwa hadhari. Lipu ngumu ya saruji au rangi ya mafuta juu ya tofali laini hufungia unyevu ndani ya ukuta. Baada ya miaka michache lipu hubanduka na kuondoka na uso wa tofali. Chokaa, ambayo wazee waliitumia, huruhusu ukuta upumue. Kabla ya kupiga lipu au rangi mpya, aulizwe mtaalamu wa majengo ya kale.

Sita, pendekezo lolote la kubadili, kupanua au kubomoa lifikishwe kwa Askofu mapema, kabla michango haijachangishwa. Michango ikishatolewa, ni vigumu kamati kurudi nyuma hata kama imegundua kosa.

Hitimisho

Tarehe 9 Novemba kila mwaka Kanisa zima huadhimisha kutabarukiwa kwa Basilika la Laterano, kanisa kuu la Askofu wa Roma. Kanisa la Tosamaganga, la Galula na ya misioni nyingine yanashiriki heshima hiyo kwa kiasi chake. Mtume Petro huwaita waamini mawe yaliyo hai yanayojengwa kuwa nyumba ya kiroho, na mawe hayo ndiyo ya kwanza kutunzwa. Lakini mawe ya kawaida nayo yaliinuliwa na watu walioamini, wengi wao wakiwa wabatizwa wa kwanza wa koo zao. Vizazi vijavyo vitatudai habari zao. Parokia ambayo haijaanza orodha yake na ianze mwaka huu, wazee wangali wanaweza kusimulia.